Mafunjo, Mmea wa Mabonde Yetu

Mwaka huu hapa shuleni katika chama chetu cha majadiliano tulijadiliana juu ya neno hili: kwamba mafunjo yote ya bonde lililo chini ya kilima chetu yaondolewe, ili mahali pake palimwe magimbi na mpunga. Upande uliotaka yaondolewe ulishinda kwa kura nyingi. Mimi nilikuwa katika upande ulioshindwa. Sina nia ya kuanza mabishano upya, maana kura ni kura. Lakini niliona ya kuwa wengi waliopiga kura, wa pande zote mbili, hawakuujua mmea waliokuwa wakiuhukumu. Mmoja aliuita majani marefu tu. Mwingine alisema ni matete. Kwa hiyo nimeona yafaa nieleze mafunjo ni kitu gani, yaishije, na kwa nini husitawi mahali ambapo mimea mingine mingi huoza na kufa.

Kwanza majina. Kwa Kiswahili twasema funjo, na mengi ni mafunjo. Waganda husema kitoogo, na mengi ni ebitoogo. Wajaluo wa Kenya husema togo, na ye yote mwenye masikio aweza kusikia kwamba maneno hayo mawili yafanana, ingawa lugha zenyewe si za jamaa moja. Huko Rwanda ni urufunzo, neno ambalo bila shaka ni ndugu ya mafunjo yetu. Wataalamu wa mimea huuita Cyperus papyrus.

Si nyasi, wala si matete. Funjo ni la ukoo wa ndago. Kila aliyepata kushika jembe aijua ndago, gugu lile baya la shambani ambalo ukiling'oa leo, keshokutwa limechipua tena kutoka katika vile viazi vyake vidogo vilivyobaki udongoni. Ndago hufika magotini kwa shida. Funjo huwa na urefu wa mita 3 hadi 5, yaani laweza kufikia paa la bweni. Hata hivyo ni ndugu hao, na Linnaeus, mtaalamu wa Sweden, alipozipa mimea hii miwili majina ya kisayansi mwaka 1753, aliiweka yote chini ya jina moja la Cyperus.

Njia ya kuutambua ukoo huu ni rahisi, wala haihitaji darubini. Nyasi, pamoja na mahindi, miwa, mianzi na matete, zina shina la mviringo lenye vifundo, na kila kifundo hutoa jani. Shina la funjo halina kifundo hata kimoja kutoka chini hata juu, nalo lina pembe tatu. Lishike karibu na kichwa, ulizungushe kati ya kidole gumba na kidole cha shahada, nawe utazihisi pembe hizo mara moja. Huko chini karibu na maji pembe huwa butu, na mtu asiyejua hudhani shina ni la mviringo. Labda ndiyo sababu mwenzetu alisema ni matete.

Basi majani yake yako wapi? Hili ndilo jambo la ajabu. Chini kabisa, pale shina litokapo katika maji, pana magamba ya rangi ya kahawia yaliyolizunguka kama maganda ya kitunguu. Hayo ndiyo mabaki ya majani, nayo hayafanyi kazi kubwa. Kazi ya kutengeneza chakula kwa nguvu ya jua, ambayo katika mimea mingine hufanywa na majani, hapa hufanywa na ngozi ya kijani ya shina, na zaidi na kile kichwa kilicho juu. Kichwa hicho ni kama mwavuli uliofanywa kwa nyuzi. Nyuzi za kijani, mia moja na zaidi, zatoka mahali pamoja na kuinama pande zote, na upepo ukivuma bonde lote huenda kama mawimbi. Funjo likiwa changa, nyuzi hizo zimesimama pamoja kama ufagio mpya. Baadaye hufunguka, kisha kwenye ncha za nyuzi hutokea vishuke vidogo vya rangi ya kahawia. Vishuke hivyo ndivyo maua. Havina rangi ya kupendeza wala harufu ya kuwaita nyuki, kwa kuwa havihitaji nyuki. Upepo ndio uchukuao unga wa ua moja kuupeleka kwa jingine. Mbegu zake ni ndogo mno, urefu wake wapata milimita 1, nazo huchukuliwa na maji.

Ukilikata shina utaona ganda la kijani lililo gumu, na ndani yake moyo mweupe, laini, mwepesi kama sifongo. Ndani ya moyo huo mna vyumba vidogo sana vilivyojaa hewa. Hewa hiyo si kazi bure. Matope ya kinamasi hayana oksijeni, na mzizi usiopata oksijeni hufa. Ndiyo maana mihindi iliyozama siku chache hugeuka manjano. Funjo huteremsha hewa kutoka juu kwa njia ya vyumba vile hata mizizini. Kwa hiyo husimama katika maji mwaka mzima, nalo ni zima.

Lakini funjo tulionalo ni sehemu tu ya mmea. Sehemu kubwa imelala. Chini ya maji, au juu kidogo ya matope, pana shina jingine nene kama kifundo cha mkono wa mtu, jeusi, lenye magamba, ambalo hutambaa kwa upande na kutawanya matawi. Kutoka katika shina hilo lilalalo, mafunjo mapya huchipua juu, na mizizi hushuka chini. Mafunjo mengi unayoyaona yamesimama kama watu mia katika mkutano huenda ni mmea mmoja. Mbegu huota pale tu zipatapo matope matupu yenye mwanga, kama vile ziwa likipungua na ukingo ukaachwa wazi. Zaidi ya hapo mmea huenea kwa lile shina lake la chini.

Na hapo ndipo tufikapo kwenye jambo ambalo wanafunzi wageni hawaliamini mpaka wajaribu wenyewe. Mashina yalalayo na mizizi yake husukana hata yakawa zulia moja nene, unene wake mara nyingi wafika mita 1 na zaidi, na kwa kuwa mmea wote umejaa hewa, zulia hilo huelea. Ukingoni mwa ziwa, mafunjo huanza kwenye matope, kisha huendelea juu ya maji yenye kina kirefu, yakiwa hayagusi chini hata kidogo. Mtu aweza kutembea juu yake, huku akihisi nchi yashuka na kupanda kama kitanda cha kamba. Sishauri wadogo wafanye hivyo. Yapo matundu, na aliyetumbukia chini ya zulia haoni mahali pa kutokea.

Ukuaji wake ni wa haraka sana. Katika joto la nchi hii chipukizi hufikia urefu wake wote kwa muda wa miezi mitatu hivi, na kabla ya mwaka kwisha limekauka, na jingine limechukua mahali pake. Funjo hutengeneza chakula chake kwa njia ile ile itumiwayo na mahindi na miwa, ambayo hufaa sana mahali penye jua kali, na kwa ajili hiyo huhesabiwa miongoni mwa mimea izalishayo zaidi duniani pasipo kutiwa mbolea. Tena lina tabia ya mtu mwekevu. Shina likikaribia kufa, naitrojeni na fosforasi iliyokuwa ndani yake hurudishwa kwanza chini katika shina lilalalo, kisha hutumiwa tena na machipukizi. Kilichobaki huanguka majini, na kwa kuwa hapana oksijeni ya kutosha kukiozesha, hukaa chini mwaka baada ya mwaka, kikawa udongo mweusi wa masalio ya mimea.

Sasa tutazame nchi. Mtu akiruka kwa ndege juu ya Buganda huona vilima vyenye vichwa bapa, na kati ya kila vilima viwili mstari wa kijani kibichi. Mistari hiyo ni mafunjo. Mwaka 1862 Mwingereza Speke alipopita hapa kwenda kwa Kabaka Mutesa, alisumbuliwa sana na mabonde haya, akayaandika katika kitabu chake kama mifereji ya matete, kwa sababu aliona maji yaliyojaa mimea na hakuona mto. Hakukosea kusumbuka. Mito yetu mingi haikimbii. Mto Katonga ni mfano mzuri: zamani sana ulitiririka kwenda magharibi, kisha nchi ikainuka upande wa Bonde la Ufa, na maji yakarudi nyuma. Hivi leo bonde lake ni moja, lakini upande mmoja maji yaenda Ziwa Victoria na upande mwingine yaenda Ziwa George, na katikati ni mafunjo matupu ambamo ni vigumu mtu kusema maji yaelekea wapi. Mto Kafu nao una habari kama hiyo. Mabonde ya namna hii, mapana, tambarare, yenye maji baridi yasiyo na chumvi nyingi, yasiyo na mawimbi wala mikondo ya nguvu, ndiyo makao hasa ya mafunjo.

Si Uganda peke yake. Yako kando ya mito Nyabarongo na Akanyaru huko Rwanda na Burundi, Yala na Naivasha katika Kenya, Malagarasi katika Tanzania, delta ya Okavango katika Botswana, na zaidi ya kote katika Sudani Kusini, kwenye kinamasi kikubwa cha Mto Nile kiitwacho Sudd, jina ambalo kwa Kiarabu maana yake ni kizuizi. Jina hilo lilitokana na shida ya mabaharia, ambao walikuta mto umezibwa na visiwa vya mimea.

Visiwa hivyo twavijua hapa pia. Kitu ambacho funjo halikipendi ni maji yapandayo kwa ghafula. Kwenye ukingo wa ziwa, zulia lililoshika matope hung'oka, hukatika vipande, na kipande chaweza kuwa kikubwa kama kiwanja cha mpira. Mvua kubwa za mwaka 2019 na 2020 ziliinua Ziwa Victoria, na mwezi Mei 2020 kipimo cha Jinja kilisoma mita 13.42, kikipita kidogo tu kile cha mita 13.41 cha mwaka 1964 ambacho wazee wetu hukikumbuka. Mwezi uliotangulia, Aprili 2020, kisiwa kimoja kilielea mpaka kwenye bwawa la umeme la Nalubaale, kikaziba mitambo, na nchi karibu yote ikakaa gizani. Watu walicheka sana kusikia kwamba umeme wa Uganda umezimwa na majani.

Viumbe wakaao katika mafunjo wangestahili makala yao wenyewe; nitataja wachache. Kwa kuwa maji chini ya zulia hayana oksijeni, samaki wengi hawawezi kuishi humo. Waishio ni wale wajuao kuvuta hewa ya juu: kambare, na yule samaki mrefu ambaye Waganda humwita mmamba na Wajaluo kamongo, mwenye mapafu, ambaye watu wa ukoo wa Mmamba hawamli. (Msomaji wa pwani asimchanganye na mamba mwenye meno.) Na hapa kuna jambo la faida kubwa. Sangara alipotiwa katika Ziwa Victoria katika miaka ya 1950 na 1960, aliwala nkejje, wale samaki wadogo ambao ndugu zetu wa Tanzania huwaita furu, hata aina nyingi zikatoweka. Lakini sangara ahitaji oksijeni nyingi. Aina kadhaa za nkejje zilizoweza kuvumilia uhaba wa oksijeni zilijificha ukingoni mwa mafunjo, mahali asipoweza kuingia, na mpaka leo zipo.

Humo hukaa pia nzohe, yule swala mwenye kwato ndefu zilizopanuka zimsaidiazo kutembea juu ya zulia bila kuzama. Na kwenye Ghuba ya Mabamba, si mbali na Entebbe, hukaa bulwe, ndege mkubwa wa kijivu mwenye mdomo kama kiatu. Chakula akipendacho ni mmamba. Wavuvi wa huko walikuwa wakimwona kuwa ni nuksi, ati ukimwona bulwe asubuhi hutapata samaki siku ile. Siku hizi wengine wao huwapeleka watalii kwa mitumbwi kumtazama, na nuksi imegeuka kuwa mshahara.

Jambo ambalo lilisahauliwa kabisa katika majadiliano yetu ni maji. Mji wa Kampala una vilima vingi, na maji machafu ya sehemu kubwa ya mji huo huteremka katika mfereji wa Nakivubo, hupita katika kinamasi cha Nakivubo, kisha huingia Ziwa Victoria. Kilomita chache kutoka hapo, Ggaba, ndipo yavutwapo maji ya kunywa ya mji huo huo. Wataalamu walipopima, walikuta kwamba mafunjo yaeleayo huondoa uchafu kuliko aina nyingine ya nyasi iotayo katika kinamasi hicho. Sababu ni kwamba mizizi yake imening'inia ndani ya maji kama chujio. Uchafu hukwama, vijidudu viletavyo maradhi hupungua, na naitrojeni na fosforasi huliwa na mmea wenyewe ukuao kwa kasi kama nilivyoeleza. Mwaka 1999 uchunguzi mmoja ulikadiria kwamba kazi hiyo ya kusafisha maji ilikuwa na thamani ya dola za Marekani milioni 1 hadi 1.75 kwa mwaka, yaani fedha ambazo mji ungelazimika kutumia kama kinamasi kisingekuwapo. Sehemu kubwa ya kinamasi hicho imekwisha kulimwa magimbi na miwa, na viwanda vimejengwa kandokando. Maji yapitayo katika mifereji ya shamba hayakai kuchujwa. Hukimbia moja kwa moja mpaka ziwani.

Neno jingine lililosemwa kwa sauti kubwa ni kwamba mafunjo huleta mbu na malaria. Kwa macho jambo hili laonekana kuwa kweli. Lakini mwaka 1960 Lameck Goma, ambaye baadaye alikuwa Makamu Mkuu wa Chuo Kikuu cha Zambia, alichapisha uchunguzi alioufanya hapa Uganda, akaonyesha kwamba Anopheles gambiae, mbu mkubwa wa malaria, hazaliani vizuri ndani ya mafunjo yasiyoguswa. Mbu huyo hupenda madimbwi wazi yapigwayo na jua, na madimbwi hayo hufanywa na watu wakatapo na kuchimba. Tena mwaka 2000 wataalamu waliopima vinamasi vya Kabale, vingine vya asili na vingine vilivyolimwa, walikuta kwamba kando ya vile vilivyolimwa palikuwa na joto zaidi, kwa karibu digrii 1 ya sentigredi. Katika nchi ya baridi kama Kabale, digrii 1 ni kubwa kwa mbu. Sisemi kwamba mafunjo hayana mbu. Wapo wa aina nyingine, nao huuma sana.

Faida za mmea huu kwa mikono ya watu ni za siku nyingi. Kutoka hapa hapa hutengenezwa mikeka, kamba, vikapu, mitego ya samaki, na zile kuta za mafunjo ziitwazo biwempe. Makanisa mengi mapya ya mijini yalianza ndani ya kuta hizo, hata Waganda wakayaita makanisa ya biwempe. Katika Ethiopia, kwenye Ziwa Tana, wavuvi husafiri kwa mashua za mafunjo yaliyofungwa pamoja. Kutoka ziwa hilo Thor Heyerdahl wa Norway alichukua mafunjo ya kuunda chombo chake kiitwacho Ra, akakata bahari ya Atlantiki kutoka Moroko mwaka 1969. Chombo hicho kilivunjika kabla ya kufika. Mwaka uliofuata alijaribu tena na Ra II, nacho kikafika Barbados kwa siku 57.

Na Misri, kila mmoja wetu amesoma darasani. Wamisri walimenya ganda, wakakata ule moyo mweupe vipande virefu vyembamba, wakavipanga kimoja kando ya kingine, kisha wakapanga tabaka la pili kwa kukingama, wakagonga, wakakandamiza na kuanika. Utomvu wa mmea wenyewe ulitosha kuvishikamanisha. Maandishi ya zamani kupita yote yaliyopata kuonekana juu ya mafunjo yaligunduliwa mwaka 2013 mahali paitwapo Wadi al-Jarf, pwani ya Bahari ya Shamu. Yana umri wa miaka zaidi ya 4,500, na katika baadhi yake mkuu wa kikosi cha wafanyakazi, jina lake Merer, aliandika siku kwa siku habari za kusafirisha mawe ya piramidi ya Farao Khufu. Si hadithi ya miungu, ni daftari la kazi. Kutoka kwa Wagiriki, ambao karatasi ya mafunjo waliiita khartes, Waarabu walipata neno qirtas, na sisi kutoka kwa Waarabu tukapata karatasi. Kwa hiyo kila mwanafunzi wa Kiswahili ashikapo karatasi hutaja mafunjo bila kujua. Huko Misri kwenyewe karatasi ya namna mpya ilipoenea, watu waliacha kuyatunza mafunjo, na mmea ukatoweka karibu kabisa katika nchi iliyoufanya uwe maarufu.

Sasa nirudi kwenye mabonde yetu. Serikali ilihesabu kwamba mwaka 1994 Uganda ilikuwa na kilomita za mraba 37,575 za ardhioevu, na mwaka 2008 zimebaki 26,308. Katika miaka 14 sehemu tatu katika kila kumi zimekwenda. Si zote zilikuwa mafunjo, lakini mengi yalikuwamo. Sheria ipo: Katiba ya mwaka 1995 yasema kwamba ardhioevu imewekwa mikononi mwa serikali kwa niaba ya wananchi wote. Lakini sheria iko Kampala, na tumbo liko nyumbani. Walimao bondeni si watu wabaya. Kilimani udongo umechoka na mashamba yamegawanywa kwa watoto wengi. Bondeni udongo ni mweusi na maji yapo hata wakati wa kiangazi. Mtu mwenye watoto sita atafanyaje? Wenzangu walioshinda waliuliza swali hilo, nami nakubali kwamba upande wetu haukulijibu vizuri.

Lakini lazima tujue pia yatokeayo baadaye. Ule udongo mweusi ni masalio ya mimea. Ukipata hewa huanza kuoza na kushuka, na miaka michache ya kwanza ya mavuno mazuri si kipimo cha miaka ifuatayo. Mahali pengine, kama ilivyoonekana Kigezi, udongo huo ukikauka hupata tindikali kali, kwa sababu salfa iliyokuwa imetulia ndani ya maji huungana na oksijeni, na mimea hukataa kuota. Rwanda wana habari iliyo wazi zaidi. Kinamasi cha Rugezi, ambacho mimea yake mingi ni ya namna nyingine lakini kazi yake ni ile ile, kilichimbwa mifereji kikalimwa. Maji yake huingia Ziwa Burera, nalo ndilo liendeshalo mitambo ya umeme ya Ntaruka. Kufika mwaka 2004 ziwa lilikuwa limeshuka hata umeme ukapungua vibaya, na nchi ikalazimika kukodi mashine za dizeli kwa gharama kubwa. Serikali ya huko iliwatoa wakulima, ikaziba mifereji, na maji yakarudi. Kurudi kwake kuliwezekana kwa sababu kinamasi kilikuwa hakijafa. Wakulima waliotolewa nao walikuwa watu wenye watoto, na hilo halipaswi kusahauliwa.

Huku kwetu, mwezi Mei 2023, maji ya Katonga yalikata barabara kuu ya Kampala na Masaka, na magari yakazunguka njia ndefu kwa majuma mengi. Mvua ilikuwa kubwa. Lakini wengi walisema pia juu ya uharibifu wa kinamasi upande wa juu, na mtu aliyesoma namna zulia la mafunjo linavyoshika maji na kuyaachilia polepole hawezi kuwadharau.

Kwa maoni yangu, kati ya kuacha bonde lote bila kuguswa na kulichimba lote, iko njia ya tatu, nayo ni ya zamani. Shangazi yangu huishi kwa mikeka ya mafunjo, na ada ya mwaka wangu wa kwanza hapa shuleni ililipwa kwa mikeka hiyo. Yeye hakati mafunjo machanga. Huchagua yale ambayo kichwa chake kimeanza kugeuka manjano, kwani hayo, kama tulivyoona, yamekwisha kurudisha chakula chake chini. Hukata kwa panga chini karibu na maji, wala hang'oi, maana lile shina lilalalo ndilo mama. Likikaa, machipukizi hutoka bila kupandwa. Mahali alipokata hapagusi tena mpaka mwaka upite. Wataalamu waliopima jambo hili wamekuta vivyo hivyo: mafunjo yakatwayo kila baada ya miezi michache hurudi yakiwa membamba na mafupi, na mwisho hushindwa na magugu mengine, lakini yaachiwayo mwaka mmoja hurudi kwa unene wake.

Siku hizi shangazi huenda mbali zaidi kukata, mwendo wa saa mbili kwa miguu, kwa sababu bonde lililo karibu na nyumbani limechimbwa mifereji. Mzigo mmoja wa mafunjo mabichi ni mzito kwa kuwa mwingi wake ni maji. Huyaanika huko huko kandokando ya njia kwa siku kadhaa, kisha hurudi kuyachukua yakiwa mepesi.